Chuma cha Damu na Masomo ya Watoto Wetu



Twaanza mazungumzo yetu ya leo ndani ya darasa, katika shule yo yote iliyoko baina ya Bandari ya Dar es Salaam na mitaa ya Kariakoo. Ni saa nne ya asubuhi. Madirisha yamefunguliwa, na kelele za magari na za wachuuzi zaingia ndani. Mwalimu ameandika hesabu ubaoni, na watoto wengi wanyosha mikono. Lakini kwenye dawati la nyuma yuko mmoja aliyeegemeza kichwa chake mkononi. Hakulala, wala hafanyi utundu. Akiulizwa, hukawia kujibu. Akifundishwa jambo leo, kesho amelisahau. Wenzake wakikimbilia mpira wakati wa mapumziko, yeye hutafuta kivuli akaketi. Mwisho wa muhula mwalimu aandika katika ripoti yake maneno mawili: "Mvivu sana." Baba aisoma, akasirika, na pengine fimbo hufuata.

Kusudi la mazungumzo haya ni kuwaomba walimu na wazazi wangoje kidogo kabla ya kulitamka neno hilo. Kwa maana yako maradhi yasiyo na kelele, yasiyoleta homa wala maumivu, nayo humfanya mtoto mwenye akili njema aonekane mzito. Maradhi hayo ni ukosefu wa chuma mwilini. Hatusemi kwamba kila mtoto aliye nyuma katika masomo ana ukosefu huo, kwa kuwa macho mabovu, masikio mazito, njaa na huzuni ya nyumbani vyaweza kumrudisha mtoto nyuma vile vile. Twasema tu kwamba sababu hii ni ya kawaida sana kwetu, yapimika kwa tone moja la damu, na mara nyingi yatibika. Basi itakuwa aibu kumpiga mtoto kwa kosa ambalo si lake.

WAPAGAZI WA DAMU

Wakazi wengi wa mji huu wajua asili ya jina la Kariakoo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, mahali pale palifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Jeshi lile halikuweza kwenda mbali bila ya wapagazi wale, kwa sababu chakula na risasi havina miguu.

Damu yetu nayo ina wapagazi wake. Ni chembe nyekundu, ndogo mno hata hazionekani kwa macho matupu. Kazi yao ni kupakia oksijeni kutoka kwenye mapafu, yaani ile sehemu ya hewa tunayoihitaji ili kuishi, na kuipeleka katika kila kiungo: miguu, moyo na ubongo. Na kama vile mpagazi asivyoweza kuchukua mzigo pasipo mahali pa kuushika, ndivyo chembe hizi zisivyoweza kuchukua oksijeni pasipo chuma. Chuma hicho kimo ndani ya kitu chekundu kiitwacho hemoglobini, ambacho watu wengi wakiita wekundu wa damu.

Tunaposema chuma, twasema chuma hasa, kile kile cha jembe na nanga. Tofauti ni kiasi chake. Katika mwili wa mtu mzima chuma chote ni gramu tatu au nne tu, kiasi cha msumari mmoja, na theluthi mbili hivi za chuma hicho zimo katika damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Wala mwili hautupi chuma chake, bali hukiokota na kukitumia tena, kama fundi mwekevu.

Lakini damu si mlaji wa pekee wa chuma. Ndani ya ubongo zimo nyuzi nyingi zipelekazo habari huku na huku. Nyuzi hizo huvikwa utando wa mafuta, kama vile waya wa umeme uvikwavyo mpira, ili habari zipite upesi wala zisipotee njiani. Chuma chahitajiwa ili utando huo ufanyike. Chahitajiwa pia ili zifanyike zile kemikali ambazo kwazo sehemu za ubongo huitana na kujibizana. Tena liko jambo la kustaajabisha: chuma kikiwa haba, mwili hukipeleka kwanza kwenye damu, na ubongo huachiwa masalio. Hivyo yawezekana ubongo wa mtoto ukaanza kupata shida kabla damu yake haijaonekana kupungua.

UMRI ULIO NA HATARI KUBWA

Mtoto azaliwapo kwa siku zake kamili, na mama yake akiwa na damu ya kutosha, huja duniani na akiba ya chuma ya kutosha miezi sita hivi. Ndiyo sababu wakunga siku hizi hufundishwa kungoja dakika moja hata tatu kabla ya kukibana kitovu, ili damu iliyo katika kondo la nyuma imfikie mtoto. Ni zawadi ya kwanza isiyo na gharama.

Baada ya miezi sita akiba hiyo imekwisha, na mtoto akua mbio. Kwa hesabu za wataalamu wa Marekani, mtoto wa miezi saba hata kumi na miwili ahitaji kula miligramu 11 za chuma kila siku, hali baba yake aliye mtu mzima ahitaji miligramu 8. Fikirini jambo hili: mtoto anayetambaa ahitaji chuma zaidi ya mwanamume abebaye magunia bandarini! Lakini ni nini tumpacho? Mara nyingi ni uji mwepesi wa mahindi wenye sukari, na baadaye chai. Maziwa ya mama ni bora kupita vyote, na yaendelee kutolewa. Walakini baada ya miezi sita hayawezi peke yake kuujaza upungufu huo.

Umri wa pili wa hatari ni wa wasichana wanapovunja ungo, kwa kuwa kila mwezi hupoteza damu, na chuma hutoka pamoja nayo. Msichana aliyekuwa hodari katika darasa la tano aweza kulegea katika darasa la saba, na watu wakasema ameanza kufikiri mambo mengine. Huenda shida yake ni damu tu.

USHAHIDI WA MAMBO HAYA

Pengine msikilizaji atauliza, "Mmejuaje kwamba chuma na masomo vyahusiana?" Ni swali la haki, nasi twalijibu kwa mifano mitatu, tukianzia mbali na kurejea pwani yetu.

Katika nchi ya Costa Rica, huko Amerika ya Kati, wataalamu waliwapima watoto wadogo, kisha wakawafuata mwaka baada ya mwaka hata walipofikia umri wa miaka 19. Wale waliokuwa na ukosefu mkubwa wa chuma katika utoto walipewa dawa. Lakini katika mitihani ya akili walibaki nyuma ya wenzao, na kwa wale wa nyumba maskini tofauti ilizidi kuongezeka. Fundisho lake ni zito: damu yaweza kurudi, lakini siku za kujengwa ubongo zikipita, si rahisi kuzirudisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Kenya. Tangu mwaka 1998, katika wilaya ya Embu, watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 walifuatwa kwa muda wa miaka miwili hivi. Shule nyingine zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupewa kitu. Githeri ni mahindi na maharage, chakula ambacho sisi twakiita makande. Watoto waliokula nyama kidogo katika makande yao waliwashinda wengine katika mtihani wa kufikiri, na hata uwanjani walionekana wachangamfu na wenye kuwaongoza wenzao. Nyama ina chuma, lakini ina vitu vingine vyema pia. Kwa hiyo hatuwezi kukipa chuma sifa yote. Yatosha kujua kwamba kilichomo chunguni huonekana daftarini.

Mfano wa tatu ni wa kisiwa cha Pemba. Huko watoto wadogo zaidi ya mia sita, wenye umri wa miezi sita hata chini ya miaka mitano, waligawanywa: wengine wakapewa matone ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja, wengine matone yasiyo na dawa. Kisha wazazi wakaulizwa ni maneno gani mtoto aweza kusema, na ni mambo gani aweza kufanya kwa mwili wake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: waliopewa chuma walitangulia katika kusema; na wale ambao damu yao ilikuwa pungufu sana tangu mwanzo walitangulia pia katika kutembea na kutumia viungo. Faida haikuwa kubwa ya kushangaza, lakini ilikuwa faida ya kweli. Kisiwa cha Pemba kina fundisho jingine pia, nalo ni la kutisha, tutalieleza mbele.

KWA NINI DAMU HUPUNGUA KWETU

Katika uchunguzi wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2015–16, watoto 58 katika kila 100, wenye umri wa miezi sita hata miaka mitano, walikutwa na upungufu wa damu. Si wote waliopungukiwa kwa kukosa chuma, lakini hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa.

Sababu ya kwanza ni chakula. Chuma kilichomo katika nyama, maini, kuku na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Chuma cha mboga, maharage na nafaka huingia kwa shida. Tena viko vitu vinavyokizuia mlangoni, na mkubwa wao ni chai. Chai inywewayo pamoja na chakula yaweza kuzuia nusu ya chuma hicho, au zaidi. Basi mtoto aendaye shule kwa chai ya rangi na andazi amekunywa kizuizi pamoja na chakula chake.

Sababu ya pili ni minyoo ya safura. Jina la safura ni la zamani. Wazee wetu waliujua ugonjwa huo wa weupe na uvimbe kabla ya darubini kufika hapa. Minyoo hiyo huingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu, katika udongo uliochafuliwa na choo, kisha hujishikiza matumboni na kunyonya damu mchana na usiku. Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu yu ndani zaidi ya nguo.

Sababu ya tatu ni malaria, ambayo huzivunja chembe nyekundu zenyewe. Na ya nne ni sikoseli, ugonjwa wa kurithi, ambao damu yake hupungua kwa njia nyingine kabisa. Kwa ajili ya sababu hizi mbili twawasihi wazazi wasijifanye matabibu, kama tutakavyoona.

KIKAPU CHA SOKONI

Sasa na tushike kikapu twende sokoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa ya maradhi haya huuzwa huko.

Tukianzia Feri, karibu na mlango wa bandari, hatuna haja ya kununua changu au nguru wa bei kubwa. Dagaa wadogo waliwao wazima ni chakula bora, na waliokaushwa wakasagwa waweza kutiwa katika uji wa mtoto. Buchani tununue maini robo kilo. Robo hiyo ikikatwa vipande vidogo yaweza kuwatosha watoto kadhaa. Nyama, hata iwe kidogo, ina tabia njema: ikiliwa pamoja na maharage au mboga, husaidia chuma cha vyakula hivyo kuingia mwilini.

Kutoka hapo twende Kariakoo tukanunue kunde, choroko, maharage, mchicha na matembele. Wala tusiondoke bila ya ndimu, machungwa, au embe kama ni msimu wake. Vitu hivi vina vitamini C, ambayo hukifungulia mlango chuma cha mboga. Ndimu moja ikikamuliwa juu ya mchicha uliokwisha kupikwa, au chungwa moja baada ya wali na maharage, hufanya kazi kubwa kuliko bei yake. Maharage yalowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe. Nafaka za uji zikiachwa zichipue kidogo ziwe kimea, ni bora zaidi. Na chai, ambayo hatuwezi kuwakataza watu, ingoje saa moja baada ya chakula. Mtoto mdogo asipewe kabisa.

Tuangalie na unga. Ngano nyingi tuilayo hutoka nchi za ng'ambo, hushushwa bandarini na kusagwa katika viwanda vya mjini. Tangu mwaka 2011 kanuni za serikali zawataka wenye viwanda hivyo kuongeza chuma na virutubishi vingine katika unga. Vivyo hivyo kwa unga wa mahindi wa viwanda vikubwa. Lakini mahindi mengi husagwa kwa mashine ndogo za mitaani, ambako virutubishi hivyo kwa kawaida havitiwi. Basi mnunuzi asome mfuko, atafute maandishi yasemayo kwamba unga umeongezwa virutubishi.

Viko pia vitu viwili ambavyo sokoni husifiwa mno. Cha kwanza ni vinywaji vyekundu, kama maji ya rozela, ambavyo watu husema huongeza damu. Wekundu wa kinywaji si wekundu wa damu. Rangi peke yake si ushahidi. Cha pili ni udongo wa kula, ambao wanawake wajawazito hupenda kuutafuna, na watoto pia. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, lakini udongo si dawa yake. Waweza kuzuia chuma cha chakula, na usipochomwa vema waweza kuleta mayai ya minyoo. Mtu aonapo tamaa hiyo, na aende kliniki akapimwe.

ONYO LA PEMBA

Baada ya maneno haya yote, huenda mzazi akasema, "Basi nitanunua vidonge vya chuma dukani nimpe mwanangu." Twamwambia: asifanye hivyo bila ya kipimo.

Huko Pemba, katika uchunguzi mwingine uliokuwa mkubwa zaidi, watoto zaidi ya 24,000 wenye umri chini ya miaka mitatu walishiriki. Baadhi yao walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila ya kupimwa kwanza nani ana upungufu na nani hana. Mwaka 2003 kazi ya kuwapa chuma ilisimamishwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2006. Waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali. Kisiwa wakati ule kilikuwa na malaria nyingi. Lakini miongoni mwa watoto waliopimwa, wale waliokuwa kweli na ukosefu wa chuma pamoja na upungufu wa damu, dawa iliwafaa.

Maana yake ni wazi. Chuma ni kama moto wa jikoni: mahali pake huivisha chakula, nje ya mahali pake huunguza nyumba. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba penye malaria dawa ya chuma iandamane na kinga na tiba ya malaria. Mtoto mwenye sikoseli naye asipewe chuma illa kwa amri ya daktari. Tena vidonge alivyopewa mama mjamzito viwekwe mbali na watoto; mtoto mdogo akivimeza vingi kwa kudhani ni peremende, vyaweza kumwua. Chakula chema hakina hofu hiyo, na ndiyo sababu tumetangulia kuzungumza juu ya kikapu.

WAJIBU WA KILA MTU

Mwalimu hahitaji kuwa daktari. Amwonapo mtoto mzito wa kukumbuka, achokaye upesi, ahemaye akipanda ngazi, na atazame viganja vyake, ulimi wake, na upande wa ndani wa kope zake. Vikiwa vyeupe kuliko vya wenzake, amwite mzazi kwa upole, na amshauri aende kliniki. Weupe huo hauonekani kila mara, kwa hiyo kipimo ndicho kiamuzi. Huko watachukua tone la damu kidoleni. Kwa mtoto wa miaka mitano hata kumi na mmoja, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 11.5 kwa kila desilita moja ya damu, amepungukiwa. Ndipo daktari atafute sababu: ni chakula, ni minyoo, ni malaria au ni sikoseli.

Mzazi na asikatae dawa za minyoo zitolewazo shuleni, wala asiache kuwapeleka watoto wadogo kliniki zitolewapo pamoja na matone ya vitamini A. Avalishe watoto viatu, atunze choo, atundike chandarua. Mama mjamzito ameze vidonge apewavyo kliniki hata vikimchafua tumbo kidogo, maana ndiyo akiba ya kwanza ya mtoto wake.

Na sasa turudi kwenye lile dawati la nyuma. Dawa ya chuma haimpi mtu akili asiyokuwa nayo, wala haiwi badala ya mwalimu mwema na kitabu. Mtoto yule akitibiwa, wekundu wa damu yake huanza kupanda baada ya majuma machache, lakini akiba ya mwili huchukua miezi kadhaa kujaa. Kwa hiyo dawa isikatizwe mara aonekanapo mchangamfu. Huenda muhula ujao hatakuwa wa kwanza darasani. Lakini atanyosha mkono, na wakati wa mapumziko ataufuata mpira. Hapo ndipo mwalimu atakapoweza kumjua kwa haki, kama ni mvivu au ni hodari. Kwa maana atakuwa amempima mtoto mwenyewe, si upungufu wa damu yake.